Ndege ya Mwisho Ilikuwa na Herufi za Tanzania

Tarehe 25 Septemba 2013, ndege ndefu ya rangi ya kijivu, injini zake nne zikiwa zimebanana mkiani, iliondoka kambi ya jeshi la anga ya Brize Norton, Uingereza, ikatua Bruntingthorpe, uwanja wa zamani wa kijeshi huko Leicestershire ambako ndege zilizochoka hupelekwa kuhifadhiwa au kukatwakatwa. Ubavuni iliandikwa ZA147. Siku moja kabla, mwenzake ZA150 ilikuwa imekwenda Dunsfold, katika jimbo la Surrey. Injini zilipozimwa pale Bruntingthorpe, aina nzima ya ndege iitwayo Vickers VC10, iliyokuwa angani tangu 1962, ikakoma kuruka.

Kwa wengi waliofuatilia safari hizo mbili, zile zilikuwa ndege za jeshi la Uingereza zikistaafu. Lakini ndege ni kama gari: ikipata mwenyewe mpya hubadilishiwa namba na rangi, ila namba iliyogongwa kiwandani hubaki nayo mpaka siku inapogeuzwa chuma chakavu. ZA147 ilitoka kiwandani ikiwa namba 882. ZA150 ilikuwa namba 885. Zifuate namba hizo kurudi nyuma, rangi baada ya rangi, na mwisho wa safari utajikuta Embakasi, Nairobi, kati ya mwaka 1966 na 1970. Namba 882 ilikuwa 5H-MMT. Namba 885 ilikuwa 5H-MOG. Na 5H ni alama ya usajili wa Tanzania.

VC10 mbili za mwisho kuruka duniani zilikuwa zetu. Naliandika neno hilo, "zetu", nikiwa na maana ya watu wa nchi tatu, maana hivyo ndivyo zilivyonunuliwa.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi Januari 1946, chini ya serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, likiwa na ndege ndogo za mbao na kitambaa zilizoitwa Dragon Rapide, zenye mabawa ya ghorofa mbili. Zilipita Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na Mombasa karibu kama basi, zikishusha barua na abiria wachache. Baadaye zikaja Dakota. Mwaka 1960 shirika likaingia katika zama za jeti kwa kuleta Comet 4, na mtu akaweza kutoka Nairobi hadi London bila kusikia panga moja la injini likizunguka. Uhuru ulipopatikana, herufi za kikoloni zikafutwa ubavuni: VP-K ya Kenya ikawa 5Y, VP-U ya Uganda ikawa 5X, na Tanganyika, iliyokuwa VR-T, ikachukua 5H.  Lakini shirika la ndege lilibaki moja, na simba wa nembo yake akaendelea kuruka mkiani.

Comet ilikuwa ndege nzuri lakini ndogo. Shirika lilipotafuta kubwa zaidi, lilikumbana na tatizo ambalo Nairobi imekuwa nalo tangu mwanzo. Embakasi ipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mchana hewa yake, nyepesi tayari kwa sababu ya mwinuko, huzidi kuwa nyepesi kwa joto. Hewa nyepesi hulipa bawa nguvu kidogo ya kunyanyua, na huipa injini kidogo ya kuchoma. Matokeo yake ni kwamba jeti iliyojaa mafuta ya kufika Ulaya hukimbia na kukimbia kwenye lami kabla ya kukubali kuiacha ardhi. Marubani wa enzi hizo wakiwa na jeti nzito walilazimika kuchagua: kuacha abiria, kuacha mizigo, au kupunguza mafuta na kutua njiani kuongeza.

Hapo ndipo VC10 ilipotofautiana na nyingine. Ilichorwa na wahandisi wa Vickers huko Weybridge, kusini-magharibi mwa London, chini ya George Edwards, kwa maagizo ya shirika la Uingereza BOAC, ambalo njia zake zilipita Lagos, Kano, Nairobi na Johannesburg. Boeing 707 ilining'iniza injini zake chini ya mabawa. Vickers walizipeleka zote nne mkiani, mbili kila upande, wakapandisha mkia mdogo wa kulala hadi juu kabisa ya mkia wa kusimama. Bawa likabaki tupu. Kwa kuwa halikukatizwa na injini, wahandisi waliweza kuweka vipande vya kukunjuka karibu urefu wote wa ukingo wa mbele na wa nyuma, na rubani alipovikunjua wakati wa kupaa, bawa lilipanuka na kuishika hata ile hewa nyepesi. Zaidi ya hayo, injini za Conway zilizotengenezwa na Rolls-Royce zilikuwa juu, mbali na vumbi na kokoto. Unaweza kusema ndege ile ilichorwa mtu akiwa na ramani ya Afrika mezani.

Iliruka mara ya kwanza tarehe 29 Juni 1962 kutoka Brooklands, kiwanjani hapohapo Weybridge ilikotengenezwa, chini ya marubani Jock Bryce na Brian Trubshaw. Njia ya kurukia pale ilikuwa fupi mno kwa jeti ya ukubwa ule, na hilo peke yake lilikuwa tangazo tosha. Abiria wa kwanza wa BOAC walipanda tarehe 29 Aprili 1964, kwenda Lagos. Wiki iliyofuata ikaruka ya pili katika ukoo huo, Super VC10, iliyorefushwa ikabeba watu wengi zaidi.

Na bado ndege haikuuzika. Bawa kubwa na injini zenye nguvu vilikula mafuta kuliko 707, na nchi nyingi zilianza kurefusha njia zao za kurukia, kwa hiyo ile sifa kuu ya VC10 ikaanza kupotea kabla ndege yenyewe haijaenea. BOAC, walioiagiza, ndio waliokuwa wa kwanza kuisema vibaya. Mwaka 1964 mwenyekiti wao mpya, Giles Guthrie, alitaka oda ya Super VC10 ifutwe kabisa, na serikali ya Uingereza ikaamua wachukue 17. Nadhani maneno ya BOAC yaliiua sokoni kuliko hesabu yoyote ya mafuta, maana ni nani angenunua ndege ambayo mwenyewe anaikataa? Jumla zilitengenezwa 54 tu.

Abiria hawakuwa na habari na hayo. Kwa kuwa injini zilikuwa nyuma kabisa, ukikaa viti vya mbele ulisikia mvumo wa hewa tu. Nje mambo yalikuwa mengine: Conway nne zikipaa zilinguruma kiasi cha kutetemesha vioo.

Shirika letu liliagiza tatu kwanza, baadaye likaongeza mbili. Zote zilikuwa Super, na zote zilikuwa na kitu ambacho Super VC10 za BOAC hazikuwa nacho: mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto, nyuma kidogo ya chumba cha marubani, wenye upana wa takriban mita tatu na nusu na kimo cha zaidi ya mita mbili, uliofunguka kwenda juu. Hivyo sehemu ya mbele ya ndege ingeweza kubeba shehena na ya nyuma abiria. Kwa shirika la nchi zinazouza mazao mbali, ulikuwa uamuzi wa watu wanaojua biashara yao. Naomba msomaji aukumbuke mlango huo, kwa maana utarudi.

Ya kwanza, namba 881, ilikabidhiwa mwaka 1966 ikaitwa 5X-UVA, ya Uganda. Ikafuata 882, ile 5H-MMT ya Tanzania, mwaka huohuo. Mwaka 1967 ikaja 883, ikasajiliwa Kenya kama 5Y-ADA. Mwaka huo ndio Kenyatta, Nyerere na Obote walipotia saini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1969 ikaja 884, 5X-UVJ ya Uganda, na mwaka 1970 namba 885, 5H-MOG. Mbili Uganda, mbili Tanzania, moja Kenya, ingawa makao makuu na karakana vilikuwa Nairobi. Ukizitazama herufi hizo leo unaona jinsi watu walivyojitahidi kwamba kila nchi, ikitazama ubavu wa ndege, ijione. Na 5H-MOG ilipotoka Weybridge, kiwanda kilifunga kazi ya VC10. Ilikuwa ya 54, kitinda mimba.

Zilikwenda London na Roma, zilikwenda Bombay na Karachi. Zilipeleka wanafunzi wenye makoti waliyoazima na kurudisha madaktari, zilibeba mawaziri, wafanyabiashara, na watu waliokuwa wakipanda ndege kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani.

Tarehe 18 Aprili 1972, 5X-UVA ilikuwa ikitoka Nairobi kwenda London kupitia Addis Ababa na Roma. Ilikuwa na watu 107. Uwanja wa Addis uko juu kuliko Embakasi, zaidi ya mita 2,300. Ndege ilipokuwa inakimbia ili ipae, gurudumu la mbele lilikanyaga bamba la chuma, la aina inayotumika wakati wa kuinua ndege kwa jeki, ambalo lilikuwa limebaki njiani. Tairi likapasuka. Ndege ikatetemeka vibaya, rubani akaamua kusitisha kupaa na kufunga breki. Breki zilipaswa kuisimamisha. Lakini sehemu za mfumo unaozuia magurudumu yasikwame zilikuwa zimeunganishwa visivyo karakanani, na nguvu ya breki haikutosha. Ndege ikapita mwisho wa lami, ikaporomoka kutoka kwenye tuta kiasi cha mita kumi kwenda chini, ikavunjika na kuwaka moto. Watu 43 walifariki, wanane kati yao wafanyakazi wa ndege.

Bamba moja na sehemu chache za breki. Kila kimoja peke yake pengine kisingeua mtu. Vilikutana siku moja, katika sekunde chache.

Zikabaki nne. Zikaruka miaka mitano mingine, huku Jumuiya yenyewe ikipungukiwa na pumzi. Idi Amin alikuwa ameipindua serikali ya Obote mwaka 1971, Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na Kenya na Tanzania zikawa zinavutana kuhusu njia za uchumi na kuhusu nani anafaidi nini. Shirika la ndege lilikuwa mahali ambapo mivutano hiyo ilionekana kwa fedha taslimu. Tiketi ziliuzwa katika nchi tatu, madeni yalilipwa Nairobi, na fedha za kuyalipa zilichelewa au hazikufika. Mapema mwaka 1977 ndege zikasimama. Kenya ikaanzisha Kenya Airways mwezi Februari, ikaruka kwa Boeing 707 za kukodi. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mwezi Machi ikaanzisha Air Tanzania. Uganda ilikuwa tayari imeanzisha ya kwake. Kabla mwaka haujaisha Jumuiya ilikuwa imevunjika.

Hakuna aliyegawiwa VC10. Zilirudishwa Uingereza, mikononi mwa watengenezaji, zikaegeshwa Filton karibu na Bristol. Nimeona picha za kipindi kile: ndege nne zilizokuwa fahari ya nchi tatu, zimesimama kwenye lami yenye unyevu, bila ngazi, bila mtu. Kwa kawaida hapo ndipo hadithi ya ndege ya abiria huishia. Ndege isiyo na mwenyewe huvuliwa injini kwanza, kisha vyombo, kisha huja mashine ya kukata.

Kilichoziokoa ni ile nguvu ya kunyanyua, na mlango wa mizigo ukasaidia. Jeshi la Anga la Uingereza lilihitaji ndege za kujaza mafuta ndege nyingine zikiwa angani, na mwaka 1978 liliamua kununua VC10 zilizotumika na kuzigeuza. Lilichukua tisa kwa mpigo. Tano zilikuwa VC10 fupi zilizotoka Gulf Air, shirika la pamoja la Bahrain, Qatar, Abu Dhabi na Oman. Nne zilikuwa zetu.

Kazi ilifanyika Filton. Viti viling'olewa, na mahali pake yakapangwa matangi matano makubwa ya mviringo, kuanzia mbele hadi nyuma, pale walipokuwa wakikaa abiria wa Roma na London. Katika ndege za Gulf Air ilibidi mafundi wakate paa ili matangi yapite. Katika zile za Afrika Mashariki matangi yalipitishwa mlangoni, mlango uleule uliowekwa kwa ajili ya shehena. Chini ya mabawa ikafungwa mitungi yenye mipira ya mafuta, na mpira wa tatu ukawekwa chini ya tumbo, nyuma, ili ndege za kivita ziweze kuja kunywa zikiwa katika mwendo. Kila moja sasa iliweza kupaa na zaidi ya tani 70 za mafuta. Zikapakwa rangi ya hudhurungi iliyofifia, ambayo Waingereza waliipa jina la mmea wa nyuzi. Mtu wa Tanga angeitambua mara moja kama rangi ya katani iliyoanikwa. Zikapewa majina mapya: 5H-MMT ikawa ZA147, 5Y-ADA ikawa ZA148, 5X-UVJ ikawa ZA149, 5H-MOG ikawa ZA150. Mpangilio wa kuzaliwa ulihifadhiwa, mkubwa akitangulia na mdogo akifuata. Kikosi namba 101 kilifufuliwa Brize Norton mwaka 1984 kuzipokea.

Wakati huohuo VC10 za abiria zilikuwa zinatoweka. Sultani Qaboos wa Oman alikuwa na moja ya kwake, A4O-AB, na mwaka 1987 aliitoa zawadi kwa makumbusho ya Brooklands. Ikatua kwenye njia ileile fupi ambako VC10 ya kwanza ilirukia, na ipo pale hadi leo na rangi zake za kifalme. British Airways, warithi wa BOAC, walizistaafisha zao mwaka 1981. Safari yao ya mwisho ya ratiba kwa VC10, tarehe 29 Machi mwaka huo, ilianzia Dar es Salaam, ikapitia Larnaca, ikaishia London. Mtu aliyekuwa anasubiri mgeni pale uwanjani Dar siku ile alisikia kwa mara ya mwisho ule mngurumo wa Conway nne ukisindikiza abiria wa British Airways.

Zile nne za kwetu hazikubeba tena abiria wa kukata tiketi, lakini ziliruka kuliko walivyotarajia waliozinunua. Zilikuwepo katika vita vya Ghuba mwaka 1991, zikawepo tena Iraki na katika anga ya Afghanistan. Siwezi kusema nafurahia kazi hiyo. Ndege iliyonunuliwa na nchi tatu changa ili kupeleka watoto wao shule ilimaliza miaka yake ikinywesha mafuta ndege za mabomu. Hata hivyo mafundi wa Brize Norton wanastahili heshima. Vipuri vilikuwa vimeisha kutengenezwa zamani, na waliviokota kwenye VC10 nyingine, moja ikifa ili mwenzake aendelee. Rangi ya katani ikafunikwa na kijivu. VC10 zilizotoka Gulf Air zikaondoka, na zilizonunuliwa baadaye kutoka British Airways nazo zikaondoka. Mwaka 2013 Airbus mpya zilipokuwa zinashika kazi, zilizobaki kwenye orodha zilianza kuhesabika kwa vidole.

ZA149, ile 5X-UVJ ya Uganda, ilipelekwa Bruntingthorpe mwezi Machi mwaka huo na kuvunjwa. ZA148, 5Y-ADA ya Kenya, ilitua Newquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwishoni mwa Agosti. Zikabaki mbili za Tanzania. Tarehe 20 Septemba zilipaa pamoja, zikazunguka anga ya Uingereza zikigawa mafuta kwa ndege za kivita aina ya Typhoon na Tornado kwa mara ya mwisho.

Tarehe 24, 5H-MOG, ya mwisho kutoka Weybridge, ilitua Dunsfold, mwendo mfupi tu kutoka kiwanda kilipokuwa. Ikachukuliwa na watu wa makumbusho ya Brooklands. Ukitazama picha zake upande wa kushoto, nyuma ya madirisha ya marubani, utauona mstari mwembamba wa pembe nne chini ya rangi ya kijivu, mkubwa kuliko mlango wowote wa abiria.

Kesho yake ikawa zamu ya 5H-MMT. Ilikuwa na karibu miaka 47. Ilipaa Brize Norton, ikatua Bruntingthorpe, na tangu siku hiyo hakuna VC10 nyingine iliyoruka popote.